Funda la Maji kule Kulesa

Hebu mtazame anavyokuja. Ni asubuhi, jua la Garsen limeshaanza kuuma, na kwenye njia ya tuta inayotoka Wema kumeinuka vumbi dogo, si la gari wala la ng'ombe. Likikaribia unaona mashati mawili meupe. Ukisubiri kidogo unaona tai, halafu kofia ngumu za baiskeli, halafu vibao vyeusi vya jina vifuani. Yule wa mbele, mrefu, mwenye miguu kama ya korongo na mwanya mpana katikati ya meno, ndiye ninayetaka umjue. Suruali ameibana kwenye kifundo cha mguu kwa kipande cha tyubu ili isiliwe na mnyororo. Ana miaka ishirini. Kibao chake kimeandikwa Mzee Masha.

Hapo ndipo vijana wa bodaboda pale stendi hupata burudani yao.

"Wazee wa baiskeli hao! Mzee hata ndevu hana!"

"Mungu wenu amekosa pesa ya pikipiki?"

"Pikipiki anayo, amekosa ya mafuta," Masha hujibu bila kushuka, nao hucheka, maana watu wa stendi humheshimu anayejibu.

Usishangae hilo jina la Mzee. Kanisa lao ni lile la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita Mormoni, na huko kijana akitumwa kuhubiri huitwa Mzee kwa miaka yote miwili, hata kama mama yake bado humwambia anawe miguu kabla ya kulala. Hatembei peke yake, daima yuko na mwenzake. Hanywi chai, kahawa wala pombe. Haogelei. Hatoki nje ya eneo alilopangiwa bila ruhusa. Nyumbani hupiga simu mara moja kwa wiki, Jumatatu, siku ya kufua mashati na kuziba pancha. Na pancha za Garsen ni kazi ya mtu mzima. Mwiba wa mti wa mathenge hauulizi kama tairi ni mpya. Mwenzake, Mzee Reuben, kijana mfupi mcheshi kutoka Jinja, Uganda, alikuwa akiitoa miiba kwa meno huku akilalamika kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Huyu mti iko na dhambi mingi."

Sasa, jina la kuzaliwa la Masha wetu ni Kaingu. Ni Mgiriama wa Marafa, na Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume humpa jina la babu yake, mzaa baba. Kwa hiyo yeye ni Kaingu wa Masha, na baba yake ni Masha wa Kaingu, na majina hayo mawili yamekuwa yakipokezana tangu zamani. Kanisa likachukua jina la mwisho, likalichonga kwenye kibao. Ndivyo kijana huyu alivyojikuta kila asubuhi akijifunga kifuani jina la mtu asiyetaka kumsikia.

Maana Masha, baba yake, aliondoka Marafa Kaingu akiwa na miaka minne. Alisema anakwenda Tana kulima msimu mmoja. Hakurudi. Mama yake, Dinah, alimlea kwa kuuza mihogo ya kukaanga nje ya lango la shule, na Kaingu alikuwa akisoma huku madaftari yake yakinuka mafuta. Barua ya utume ilipokuja, kisha akapangiwa Garsen, moyo ulimruka. Alijua baba yake yumo humo, mahali fulani kwenye delta ya mto Tana. Angeweza kumwambia rais wa misheni, kiongozi wao aliyeko Mombasa. Hakumwambia. Alijisemea moyoni: Tana ni ndefu.

Kaingu alikuwa mtu wa kanuni. Labda mtoto aliyevunjiwa ahadi hujishikiza kwenye kitu kisichopinda. Siku aliyobatizwa Bi Winfred wa Wema, mama wa Kipokomo mwenye miaka sabini, hilo lilionekana wazi. Mtoni wasingeweza, mamba wapo, kwa hiyo walikata tangi jeusi la plastiki, punda wakaleta maji. Reuben ndiye aliyekuwa akibatiza, na Kaingu alikuwa mmoja wa mashahidi wawili. Kazi ya shahidi ni kuangalia kwamba mwili wote umezama, usibaki hata ukucha. Sasa mkono wa Bi Winfred ulikuwa umekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, haukunjuki. Alipozamishwa, kiwiko kilibaki juu.

"Irudiwe," akasema Kaingu.

Ikarudiwa. Kiwiko kikachungulia tena.

"Irudiwe."

Mara ya tatu wakamkandamiza mkono mpaka ukazama, na bibi akatoka akikohoa, nguo zimemganda, macho mekundu. Akamtazama Kaingu.

"Mwanangu, Mungu anahesabu viwiko?"

"Kanuni ni kanuni, mama."

Bi Winfred hakuweka kinyongo. Ndiye aliyewaambia, wiki iliyofuata, akiwapa ndizi: "Kule Kulesa kuna Mzee Masha mwingine. Huyo ni mzee kweli, ana mvi. Mguu wake mmoja mbaya, shamba limejaa magugu. Si mnasema mnasaidia watu? Mwendeeni, Masha wawili mkutane huko," akacheka mwenyewe.

Reuben alicheka naye. Kaingu alikuwa ameinama, anakagua tairi ambalo halikuwa na kitu.

Jumatano wakaenda. Walimkuta mbele ya nyumba yake, kwenye mkeka, mguu ameunyoosha. Mrefu. Mwanya ule ule. Mkewe, Kache, alikuwa akipura mpunga, na kitoto chao cha kike, Mitchelle, wa miaka minane, kikawatazama vijana wa tai kwa mdomo wazi, na katikati ya meno yake nacho kilikuwa na mwanya. Kaingu aliwasalimu kwa Kiswahili kikavu cha shuleni. Kigiriama chake alikifungia ndani.

Masha akamgeukia binti yake, akamwambia kwa Kigiriama ampe mgeni kigoda, ila amwangalizie, mguu mmoja wa kigoda umelegea. Mitchelle akakileta. Kaingu, kabla ya kukaa, akakishika ule mguu mbovu, akaukaza, ndipo akakaa.

Mzee alimwona. Aliendelea kumtazama kidogo, kisha akauliza habari za Garsen.

Basi ikawa desturi. Kila Jumatano wanapiga pedali saa moja na nusu, wanavua tai, wanazitundika kwenye mgomba, wanapalilia mahindi mpaka jua likiwa kichwani. Kaingu alilima kwa nguvu za ajabu, jembe likishuka kama anaua nyoka. Reuben alimwambia, "Pole pole, Masha, hiyo mahindi haijakukosea." Kaingu alipanga hivi: atamlimia yule mzee shamba lote, mahindi yatakomaa, kisha siku moja akiwa amepanda baiskeli tayari kuondoka atageuka na kumwambia, *mimi ni Kaingu*, halafu aende zake. Amwache hapo hapo, kama alivyoachwa. Alilifikiria neno hilo moja kila usiku, akalinoa.

Jumatano ya tano mzee alimwita kivulini.

"Wewe kijana umevaa jina langu kifuani."

"Ni la baba yangu."

"Yuko wapi baba yako?"

Kaingu akafuta jasho. "Hayupo."

"Amekufa?"

"Sisi tunasema hayupo."

Kache akaacha kupura.

"Mimi nina mtoto wa kiume Marafa," mzee akasema. "Nilimpa jina la baba yangu. Nilikuja huku nikasema msimu mmoja. Mto ukachukua mahindi. Nikasema nitarudi mwakani, nisirudi mikono mitupu. Mwaka wa pili ng'ombe wakaingia shambani, wakamaliza. Mwaka wa tatu nikapata nusu gunia. Sasa mtu aliyeondoka miaka mitatu, arudi na nusu gunia? Aibu ni kama tope letu hili, kijana. Ukisimama kidogo tu, limekushika." Akakohoa. "Nyinyi mnazunguka sana na hizo baiskeli. Hamfiki Marafa?"

"Si eneo letu."

"Hata salamu haifiki?"

"Haturuhusiwi kutoka, mzee."

Kila neno alilosema Kaingu lilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake.

Kabla sijaendelea lazima nikwambie kuhusu kuhatsa, usije ukaachwa njiani. Baba wa Kigiriama akitaka kumwachia mwanawe baraka, hutia funda la maji kinywani, au la pombe ya mnazi kwa mwenye nayo, akampulizia kifuani, na maji yakiwa bado yanachuruzika hutamka maneno yake. Hayaandikwi, hayatumwi na mtu. Lazima yatoke kinywani mwa baba mwenyewe, yakute kifua cha mtoto mwenyewe. Asiyehatsiwa, watu husema, hata akifanikiwa ni kama nyumba iliyoezekwa bila nguzo ya kati.

Masha akanyoosha mkono, akachukua chupa ya mnazi chini ya mkeka.

"Mzee, sisi pombe hatuigusi," Kaingu akasema upesi.

"Nilijua utasema hivyo." Akairudisha. "Mitchelle! Lete maji kwenye kata."

Maji yakaja. Mzee akaishika kata kwa mikono miwili. "Piga magoti hapa nikuhatsie wewe. Kwa ajili yake yule wa Marafa. Una jina, una umri. Baraka itamfikia."

Akatia funda kinywani.

Wewe unajua Kaingu alitaka nini wakati ule, nami najua. Magoti yalishaanza kukunjika. Lakini akakumbuka madaftari yanayonuka mafuta, akarudi nyuma hatua mbili.

"Sisi tuna baraka zetu, mzee. Zina kanuni zake."

"Masha," Reuben akanong'ona, "maji si pombe. Mimi sijaona sheria ya maji."

"Nyamaza, Reuben."

Mzee alimtazama Kaingu, mashavu yamejaa maji. Akasubiri. Alipoona kijana amekwisha kuanza kufunga tai, alilimeza lile funda. Lilionekana likishuka kooni, polepole, kama dawa chungu.

Njiani Reuben alishuka, akamzuia kwa baiskeli. "Yule iko nani yako?"

Kaingu akamwambia. Alidhani mwenzake atamwonea huruma. Reuben aliinama, akachokoa mwiba kwenye tairi.

"Ule mama wa kiwiko ulimpa maji mara tatu," akasema mwishowe. "Baba yako hata mara moja umekataa."

"Jumatano nitamwambia."

"Kwa nini si leo? Turudi."

"Tutachelewa kufika. Nimesema Jumatano."

Jumanne usiku mto ulipasua tuta.

Mvua hazikuwa zimenyesha sana Garsen kwenyewe. Maji yalitoka juu, huko milimani, kama kawaida ya Tana, ambayo huleta maafa ya watu wengine nyumbani kwako. Njia ya Kulesa ikakatika mahali pawili. Watu wa kule walihamia kwenye mahema, sehemu iliyoinuka. Vijana wakaambiwa wasitoke Garsen mpaka maji yapungue, na hakuna aliyeweza kubisha amri kama hiyo. Hata bodaboda walikuwa wamekaa.

Jumatatu iliyofuata Kaingu alimpigia mama yake, akamweleza yote. Dinah hakulia.

"Ana watoto?"

"Mmoja, wa kike. Ana mwanya."

"Mwanya ni wa kwao." Likasikika karai likisogezwa jikoni. "Na wewe ukakataa akuhatsie."

"Mama, mtu aliyetuacha—"

"Aliyemwacha nani? Sikiliza, Kaingu. Hasira ya kuachwa ni yangu. Nimeikaanga pamoja na mihogo miaka kumi na sita. Wewe ni nani hata uniibie? Nenda ukampe kifua chako akipulizie. Ukirudi, ukitaka, endelea kumchukia. Lakini mchukie ukiwa umebarikiwa."

"Njia haipitiki. Na sheria, mama, inakataza kutembelea jamaa—"

"Njia ni maji, yatakauka. Hiyo sheria umemuuliza nani?"

Hakuwa amemuuliza mtu. Aliogopa kwamba akisema atahamishwa. Ilimchukua siku kumi nyingine kupata moyo wa kumpigia rais wa misheni. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Masha, una baba hapo na hukuniambia? Ungesema siku ya kwanza ningekuambia nenda ukakae naye. Maji yakiruhusu, nendeni wote wawili. Usingoje Jumatano."

Kaingu alibaki ameishika simu. Lile lango alilojificha nyuma yake muda wote, kumbe halikuwa limefungwa.

Maji yaliruhusu siku ya tatu, kwa shingo upande. Walifungua madigadi, yale mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu, wakayaacha nyumbani, maana tope jeusi la delta likiingia kati ya madigadi na tairi, gurudumu haligeuki tena. Kila mmoja alibeba kijiti cha kukwangulia. Walipiga pedali hatua hamsini, wakashuka kukwangua, wakapanda, wakashuka. Penye mpasuko wa kwanza walivushwa na mtumbwi, baiskeli zimelala juu ya magunia ya msaada. Penye mpasuko wa pili walizibeba mabegani, maji kiunoni, tai wamezitia mifukoni. Njia ya saa moja na nusu iliwala saa tano.

Kache aliwaona kutoka mbali. Hakuja kuwapokea. Alisimama mlangoni mwa hema, mikono ameikunja kifuani.

"Mmekawia," akasema.

Kiharusi kilikuwa kimempiga Masha siku nane nyuma. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono, mguu, na nusu ya uso imeshuka kama kitambaa kilichochomolewa kigingi.

"Kila siku alikuwa akiuliza kama njia imefunguka," Kache akasema. "Sauti ilipokwenda, akawa anauliza kwa macho."

"Alijua mimi ni nani?"

"Tangu siku ya kigoda, uliposikia Kigiriama chetu. Nilimwambia, mwite jina basi. Akasema, mimi ndiye niliyeondoka, siwezi kumwita. Yeye ndiye wa kuamua kufika."

Kaingu aliingia, akapiga magoti kwenye turubai. Akakichomoa kile kibao, akafungua vifungo vya shati mpaka kitovuni. Kisha akasema kwa Kigiriama, kile alichokifungia muda wote huo: baba, ni mimi, Kaingu, nimefika, nihatsie.

Jicho la kushoto la mzee likafunguka. Likamtazama, likatafuta kata. Mitchelle aliijua maana yake kabla ya watu wazima. Alichota maji, akamwinua baba yake kichwa.

Mzee alitia funda. Maji yakatokea kwenye pembe iliyolegea ya mdomo, yakashuka shingoni mwake mwenyewe, yakaishia kwenye mto wa kulalia.

Akatikisa kichwa, jicho likarudi kwenye kata. Tena.

Mara ya pili alijaribu kubana midomo, ikakataa. Yakamwagika.

Mara ya tatu Kaingu aliinama mpaka kifua chake kikakaribia kugusa kidevu cha baba yake. Mzee akavuta pumzi, akasukuma. Yakatoka matone, manne au matano, mengine yakaangukia kifuani, mengine gotini, na nyuma yake ikatoka sauti. Ilikuwa fupi. Halafu macho yakafungwa, akawa anapumua tu.

Mitchelle akaishusha kata.

"Amesema," Mitchelle akasema. "Nimemsikia, amesema."

"Amesema nini?" Kache akauliza.

Mtoto akafikiri. "Sijui. Lakini amesema."

Kaingu akamgeukia Reuben. Reuben ni mtu asiyejua kudanganya, hata pale uongo ungekuwa sadaka. Alikuwa amesimama mlangoni, tope mpaka mapajani, anageuza kofia yake mikononi.

"Mimi nimesikia pumzi," akasema. "Neno, sijasikia. Nisamehe, Masha."

Masha wa Kaingu alifariki Ijumaa, akazikwa hapo hapo penye mwinuko kwa sababu makaburi yalikuwa bado chini ya maji. Kaingu alichimba. Baada ya hapo alirudi Garsen, akafunga madigadi, akavaa kibao, na utume wake akaumaliza. Stendi wakimtania hakuwajibu tena, wakaacha kumtania, nalo hilo lilimuuma. Jumatano zake aliendelea kwenda Kulesa kumpalilia Kache, hata mahindi yenyewe yalipokuwa yameoza yote. Akipita Wema alishuka kwa Bi Winfred. Siku moja alimwomba msamaha kwa yale maji ya mara tatu. Bibi alimshika shavu kwa ule mkono usiokunjuka, akamwambia maji yalishakauka siku nyingi. Hakumuuliza tena habari ya viwiko.

Lakini Kaingu mwenyewe hujiuliza. Wazee wa Marafa wamemwambia kwamba bila maneno si kuhatsa, ni maji tu. Mama yake amemwambia imetosha, kifua kililowa. Yeye hulala akiweka mkono hapo yalipoangukia yale matone, na kwa jinsi alivyo mtu wa kanuni, hawezi kujidanganya, na hakuna tena wa kuambiwa airudie.

Basi wewe uliyefuatana nami mpaka ndani ya hema lile, tuseme ulikuwa umesimama pale kati ya Reuben na Mitchelle, na Kaingu akakugeukia wewe, kifua wazi, maji yakichuruzika. Ungemwambia imetimia?